Al-Kindi, Mwanazuoni Aliyehesabu Herufi



Hapa Kimironko, wenzetu wanaosoma kompyuta hutuuliza sisi wa masomo ya Kiislamu tunasoma nini kinachohusu fani yao. Mimi huwajibu kwa jina moja: Abu Yusuf Ya'qub bin Is-haq al-Kindi.

Alizaliwa Kufa, Iraq, yapata mwaka 801, na baba yake alikuwa gavana wa mji huo. Alisomea Baghdad, na zama za Khalifa al-Ma'mun akawa miongoni mwa wanazuoni walioleta elimu ya Wayunani katika Kiarabu. Khalifa al-Mu'tasim alimkabidhi mwanawe Ahmad amsomeshe. Aliandika juu ya falsafa, hesabu, tiba, nyota na muziki.

Risala yake moja ilihusu kufumbua maandishi ya siri. Chukua maandishi marefu, hesabu kila herufi imekuja mara ngapi, kisha linganisha na alama za fumbo. Katika Kiarabu alif ilitangulia, ikafuatwa na lam. Lakini kulikuwa na sharti: maandishi ya kuhesabia yawe ya lugha ileile ya fumbo.

Zama za al-Mutawakkil mahasidi walimchongea. Husimuliwa kwamba alipigwa na maktaba yake ikachukuliwa, ingawa baadaye alirudishiwa. Alifariki Baghdad yapata mwaka 873. Nakala ya risala ile ilikuja kuonekana Istanbul katika karne ya 20.

Tusimvike kilemba cha ukoka: hakubuni redio wala kompyuta. Lakini hesabu ya namna yake ndiyo inayobana maandishi yapite kwenye redio. Mwaka 1998 Mwingereza Peter Martinez alileta PSK31, njia ya kuandikiana kwa redio inayotumia upana wa takriban hezi 31 tu. Humo herufi inayotumika sana hupewa alama fupi, iliyo adimu hupewa ndefu. Herufi e ni 11 tu.

Sasa lirudie sharti la al-Kindi. Alama hizo zilipangwa kwa kuhesabu Kiingereza. Herufi a, inayotawala Kiswahili, ni 1011. K, tusiyoweza kusema sentensi mbili bila yake, ni 10111111. Bila kuhesabu sifuri mbili zinazotenganisha herufi, neno kaka linakula tarakimu 24, na neno la Kiingereza tree, lenye herufi nne vilevile, linakula 12. Mwenye redio dhaifu huko kijijini, akiandika kwa Kiswahili, husubiri zaidi.

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi hapa Rwanda. Basi tukihesabu herufi zake, na za Kinyarwanda pia, tutakuwa tumemfuata al-Kindi kwa vitendo kuliko kujivunia jina lake. Wenzetu wa kompyuta walete programu. Sisi tutaleta maandishi.