Mackay: Mchonga herufi aliyefia Usambiro

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

ANAYEPELEKA kazi ya kuchapisha hapa Miembeni siku hizi huenda akaulizwa anataka aina gani ya herufi. Arial na Helvetica, kwa mfano, hufanana kama mapacha, hadi mtu atazame R kubwa: ya Helvetica mguu wake hushuka wima, ya Arial huenda mshazari.

Zaidi ya miaka 140 iliyopita, ng'ambo ya mpaka huko Buganda, kazi ya kutofautisha herufi ilimwangukia Alexander Mackay, na kwa baadhi ya wanafunzi wake iligharimu maisha.

Mackay alizaliwa Oktoba 13, 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland, akiwa mtoto wa mchungaji. Alisomea uhandisi, akafanya kazi Berlin, kisha mwaka 1876 akatumwa Afrika na Chama cha Kimisionari cha Kanisa la Uingereza (CMS). Kabla ya kufika ziwani alisimamia ujenzi wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa kilometa zipatazo 370.

Alifika Buganda Novemba 1878, enzi za Kabaka Mutesa wa Kwanza. Vijana wa ikulu walitaka kusoma, lakini herufi kubwa za kufundishia hazikuwapo. Mackay akachukua mbao na kisu, akaanza kuzichonga mwenyewe.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Herufi ya kuchapia huchongwa kinyume, kama inavyoonekana katika kioo. Hivyo b ya mchongaji huonekana kama d, na p huonekana kama q. Asipoigeuza b, neno baba hutoka karatasini likiwa dada. Aidha, u ikipangwa kichwa chini huwa n. Mwalimu na wanafunzi wote walilazimika kuzoeza macho.

Hapo mwanzo walisoma Kiswahili, kwa kutumia tafsiri za Askofu Edward Steere wa Zanzibar, kisha Kiganda. Kusoma kukawa alama ya imani, hata Wakristo wakaitwa wasomaji.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na Mwanga. Januari 31, 1885, vijana watatu wa misheni hiyo, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa kuchomwa moto. Mwaka uliofuata waliuawa wengine wengi, Waanglikana kwa Wakatoliki. Hata hivyo, mtambo haukunyamaza. Mwaka 1887 Injili ya Mathayo ilitoka kwa Kiganda.

Mwaka huohuo Mackay alifukuzwa Buganda. Alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, katika Tanzania ya leo, akaendelea kutafsiri na kupiga chapa. Alifariki huko kwa homa Februari 8, 1890, akiwa na umri wa miaka 40, bila kurudi kwao tangu alipoondoka. Mabaki yake baadaye yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Mbegu yake ilivuka hadi Kagera. Kabla wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani hawajafika Bukoba mwaka 1910, Wahaya wa kwanza wa Kiprotestanti walikuwa wakikusanyika na kusoma wenyewe, kwa vitabu vya Kiganda.

Leo kompyuta hutoa herufi kwa kubonyeza kitufe. Lakini kila mtoto anayehangaika kutenganisha b na d anapita njia ileile waliyopita vijana wale wa Buganda.