Kabla Ufunge Mkeka wa MotoGP, Jua Kwanza Maisha ya Mike Hailwood

Matondoni neno mkeka lina maana mbili. Kuna ule unaosukwa kwa mkono, unaulalia miaka na bado uko fiti. Halafu kuna ule wa kwa simu, unafungwa kwa dakika mbili na kufikia Jumapili jioni umeshachanika. Leo tuongee huu wa pili, hasa kama umehama mpira na sasa unabeti mbio za pikipiki.

Naelewa kwa nini umehama. Kisiwa cha Lamu punda ndiye alikuwa gari, lakini siku hizi nduthi zimeingia, na wasee wengi wanajitafutia riziki nazo. Ukishinda juu ya pikipiki kutwa nzima, unasikia injini ikikohoa unajua shida iko wapi. Ni rahisi kudhani hiyo rada inatosha kukuonyesha nani atashinda mbio Uhispania au Italia.

Basi kabla hujatuma hata soo moja, mjue huyu msee. Anaitwa Mike Hailwood, Mwingereza, na mashabiki walimbatiza Mike the Bike. Wako wengi hadi leo wanaosema hakuna aliyewahi kupanda pikipiki kumshinda. Lakini maisha yake yatakuonyesha kwa nini hata ukijua nani ni mkali zaidi, bado unaweza kulala bila doo.

Mtoto wa tajiri

Hailwood alizaliwa tarehe 2 Aprili 1940, karibu na Oxford. Babake, Stan, alikuwa tajiri wa kuuza pikipiki. Mike aliacha shule mapema, na mwaka wa 1957, akiwa na miaka 17, akaingia kwenye mbio zake za kwanza pale Oulton Park. Mzee alimnunulia mashine nzuri kuliko za vijana wengi wa rika lake, akamtafutia mafundi na kusimamia kila kitu.

Kwa hivyo walikuwepo waliosema ni pesa za baba tu. Ikachukua misimu michache kuwanyamazisha. Juni 1961, kwenye mbio za TT kisiwani Isle of Man, akawa mtu wa kwanza kushinda mbio 3 katika wiki moja: 125cc na 250cc kwa Honda, halafu 500cc kwa Norton. Hiyo barabara si mchezo. Raundi moja ni kama kilomita 60, unapita katikati ya vijiji, kuta za mawe na milima yenye ukungu.

Sasa sikia hii. Wiki hiyo angeshinda 4. Kwenye 350cc alikuwa anaongoza raundi ya mwisho, na injini ikamvunjikia njiani. Kwenye 500cc naye Gary Hocking, aliyekuwa na MV Agusta yenye nguvu zaidi, alipatwa na shida ya mashine, na Hailwood akapita. Wiki moja, mtu mmoja: mashine ikamnyima kombe na mashine ikampa kombe.

1967, mwaka wa cheni na gia

Mwisho wa 1961 alikuwa bingwa wa dunia wa 250cc. Kuanzia 1962 hadi 1965 akachukua ubingwa wa 500cc mara 4 mfululizo na MV Agusta. Mwaka wa 1965 kwenye TT ilinyesha, akaanguka, akanyoosha usukani, akapanda tena puani kunavuja damu, na bado akashinda. Mwaka wa 1966 akarudi Honda.

Halafu ikaja 1967. Mpinzani wake alikuwa Giacomo Agostini, kijana Mtaliano aliyechukua nafasi yake MV Agusta. Honda ya 500cc ilikuwa na nguvu za kutisha lakini kona ilizikata vibaya, ikitikisika kama mashua kwenye wimbi la ubavu. Kwenye TT ya Juni, kishikio cha mafuta cha Hailwood kikalegea. Aliposimama kuongeza petroli alikipigapiga kwa nyundo ili kikae, akarudi barabarani. Agostini alikuwa mbele raundi ya 5, halafu cheni yake ikakatika. Mchezo ukaishia hapo. Hailwood akashinda, na rikodi ya raundi aliyoiweka siku hiyo ilikaa miaka 8.

Fikiria ungekuwa umembetia Agostini. Ulisoma mbio vizuri, mtu wako yuko mbele, na cheni inakulalia mkeka. Na yule aliyembetia Hailwood anatembea mtaani akijiita mtaalamu, kumbe aliokolewa na cheni ya mtu mwingine. Ukishika hili tu umefaidika: matokeo peke yake hayakuambii kama beti yako ilikuwa ya akili.

Mwaka haukuishia hapo. Monza, Hailwood anaongoza, zimebaki raundi chache, gia zikagoma. Agostini akashinda. Msimu ulipoisha wote wawili walikuwa na pointi sawa, na ushindi sawa, 5 kwa 5. Wakaenda kuhesabu nafasi za pili. Agostini alikuwa nazo 3, Hailwood 2. Ubingwa wa dunia ukaenda kwa Agostini kwa hiyo moja tu.

Usidhani ni mambo ya Ulaya peke yake. Safari Rally ya 1973 hapa Kenya, Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza sawa kabisa kwa pointi. Mehta ndiye aliyepewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Siku nyingi za vumbi na matope, na kilichoamua ni kifungu cha sheria.

Moto wa Kyalami na kurudi kwa 1978

Mwaka wa 1968 Honda ikajiondoa kwenye mbio za ubingwa, na ikamlipa Hailwood asiendeshee wengine. Akiwa na mataji 9 ya dunia akageukia magari. Kyalami, Afrika Kusini, mwaka wa 1973, aligongana na Clay Regazzoni na gari la Regazzoni likashika moto. Hailwood akaingia kumtoa, nguo zake zikawaka, akakimbia kuzizima, halafu akarudi ndani ya moto na kumvuta mwenzake nje. Regazzoni akapona. Uingereza ikampa Hailwood nishani ya George.

Mwaka uliofuata alipata ajali Nürburgring, Ujerumani, mguu ukavunjika vibaya, na maisha ya Formula 1 yakaisha. Akahamia New Zealand.

Halafu mwaka wa 1978 akasema anarudi TT. Miaka 38, mguu mbovu, miaka 11 tangu aondoke kwenye barabara ile. Manze, wewe ungemwekea doo? Tarehe 3 Juni alipanda Ducati 900, akamfikia Phil Read wa Honda barabarani na kumpita, na injini ya Read ikafa baadaye. Hailwood akashinda. Na Ducati yenyewe? Ilivunjika ndani ya injini pale pale ilipovuka mstari. Mbio zingekuwa ndefu kidogo zaidi, hiyo hadithi tamu isingekuwepo.

Wiki hiyo hiyo alipanda Yamaha kwenye mbio zingine 3. Hakushinda hata moja. Mtu yule yule, barabara ile ile, mashine tofauti.

Watu wa Matondoni mnapaswa kulielewa hili kuliko yeyote. Kwenu majahazi yanaundwa kwa mikono. Siku ya mashindano ya mashua Lamu, mzee anayejua hamtaji nahodha peke yake. Anauliza tanga, foromali, uzito wa mabaharia, na upepo umegeukia wapi. Sasa mbona ukishika simu unabeti jina tu?

Safari ya kununua samaki

Mwaka wa 1979 alishinda TT moja ya mwisho kwa Suzuki, ya 14 kwake, na nyingine akaikosa kwa sekunde chache tu. Akastaafu mzima.

Jumamosi ya tarehe 21 Machi 1981 alitoka nyumbani na wanawe wawili kwenda kununua samaki na chipsi. Lori likageuza katikati ya barabara mbele ya gari lao. Binti yake Michelle, wa miaka 9, akafa papo hapo. David akapona. Hailwood alifariki siku mbili baadaye, akiwa na miaka 40. Zile kuta za mawe za Isle of Man hazikumuua. Aliuawa na barabara ya kawaida, kwenye shughuli ya dakika chache.

Sasa mkeka wako

*Angalia bei.* Tuseme waendeshaji wawili wanawekwa uso kwa uso na kila mmoja ana odi ya 1.80. Ukiweka soo kwa huyu na soo kwa yule umetoa 200, na yeyote akishinda unarudishiwa 180. Hiyo 20 ni ya mwenye kampuni. Unaanza nyuma kabla nduthi haijawashwa.

*Usirefushe mkeka.* Unganisha watano wa 1.80 na unaona odi 18.9, soo inageuka 1,890. Inaonekana tamu. Lakini kama kila beti ni nusu kwa nusu, utapata zote tano mara 1 kwa 32. Bei ya haki ingekuwa 3,200. Kila mstari unaoongeza, mwenye kampuni anamega tena.

*Subiri Jumamosi.* Tangu 2023 kila wikendi ya MotoGP ina mbio fupi Jumamosi. Utaona nani anaanzia mbele, nani ameumia, tairi zinaisha vipi. Na uangalie mvua. Kubeti Jumatano ni kubeti jina.

*Tenga fungu.* Toa kiasi ambacho kikipotea bado kuna unga, petroli na malipo ya nduthi. Kikiisha, zima simu. Hakuna kufukuza hasara, na usikope. Hailwood cheni zikikatika alikuwa na mzee Stan nyuma yake. Wewe nyuma yako kuna watu wanaokutegemea.

*Kutobeti pia ni uamuzi.* Maimamu wameshasema kamari ni haramu, na kama huo ndio msimamo wako, usimruhusu mtu akucheke kijiweni. Kama hujafika miaka 18, sheria imekukataza. Na kama umeshaanza kuficha simu watu wa nyumbani wasione, acha leo, omba mtu unayemwamini akushikie pesa.

Mbio zenyewe unaweza kuziangalia tu bila kubeti, na zitakuwa tamu vile vile. Tena ukizitazama bila mkeka, utaona nani hasa anajua kuendesha.