Robert Bosch, Fundi wa Cheche

Jina la Bosch wengi wetu tumelisoma juu ya plagi ya gari au drili ya seremala, tukadhani ni jina la kiwanda tu. Waama lilikuwa jina la mtu, fundi aliyeanza na karakana ndogo, na maisha yake yana mazingatio kwa kila anayekula kwa kazi ya mikono yake.

Robert Bosch alizaliwa tarehe 23 Septemba 1861 kijijini Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani, mtoto wa kumi na moja kati ya kumi na wawili. Baba yake alikuwa mkulima na mwenye nyumba ya wageni. Alipobaleghe alitiwa kwa fundi wa vyombo, kisha akatoka kuitafuta ilimu ya umeme ugenini. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi Marekani, akafanya kazi katika karakana za Edison; baadaye akahudumu Uingereza kwa Siemens. Tarehe 15 Novemba 1886 alifungua karakana yake mjini Stuttgart, akiwa na fundi mmoja na kijana wa kutumwa.

Mwaka uliofuata mteja alimtaka amtengenezee magneto ya injini isiyohama. Magneto, kwa ufupi, ni sumaku na waya vilivyowekwa hivi kwamba injini inapozunguka umeme huzalika papo hapo, ukatoa cheche ya kuwasha petroli. Haihitaji betri. Mwaka 1897 Frederick Simms alimletea gari la magurudumu matatu la De Dion-Bouton, ambalo injini yake ilikwenda mbio kuliko magneto za siku hizo zilivyoweza. Msimamizi wake, Arnold Zähringer, ndiye aliyelifumbua fumbo hilo. Kisha Gottlob Honold akaunda magneto ya umeme mkali, iliyorusha cheche katika plagi, na kuanzia 1902 jina la Bosch likaenea duniani.

Lakini kila ufundi una mpinzani wake. Marekani, Charles Kettering na wenzake walileta njia nyingine: umeme utoke katika betri, ukuzwe na koili, na distribyuta iugawe kwa kila plagi kwa zamu. Matrekta nayo yakagawanyika. Fordson N, iliyoanza kuundwa 1929, ilitumia magneto. Ferguson TE20, iliyoanza 1946, ikatumia koili na distribyuta.

Ubishi huo niliukuta Borabu, upande wa Nyamira, katika ardhi ambazo kabla ya uhuru zilikuwa mashamba ya Wazungu. Mzee mmoja, omogaka wa watu, alikuwa na Fordson ya zamani aliyoitumia kuzungushia mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Magneto yake ilikuwa imechoka. Wanawe walitaka itolewe na itiwe distribyuta, na hoja yao haikuwa ya kitoto: magneto ikizungushwa polepole kwa hendeli hutoa cheche dhaifu, na hendeli ikirudi nyuma kwa ghafla yaweza kuvunja mkono. Betri hutoa cheche nzuri hata injini ikizunguka taratibu.

Fundi aliyetoka Kisii mjini aliwasikiliza, kisha akahesabu. Trekta ile haikuwa na dainamo wala betri. Kuitia distribyuta ni kununua vyote, pamoja na koili. Tena hukaa majuma bila kuguswa, na betri isiyochajiwa hufa. Magneto ingetaka sumaku zitiwe nguvu upya, waya zikaguliwe, na ikingwe na unyevu, maana milima ile mvua zake ni nyingi. Kuhusu hendeli, kipo kifaa chenye springi kinachoishika magneto kidogo kisha kuifyatua, cheche ikatoka kali na kwa kuchelewa, injini isirudi nyuma. Mzee akachagua magneto. Lau trekta ingekuwa ya barabarani, yenye taa na kazi za kila siku, naamini wanawe wangeshinda.

Bosch mwenyewe hakuing'ang'ania magneto iliyomtajirisha. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni yake iliuza vifaa vya betri na distribyuta, na mwaka 1927 ikaanza kuunda kwa wingi pampu za dizeli, injini isiyohitaji cheche kabisa. Hata matrekta mengi ya leo huko Kisii ni ya dizeli.

Wafanyakazi wake aliwapa siku ya saa nane tangu 1906, na mwaka 1940 hospitali aliyoigharimia ilifunguliwa Stuttgart. Zama za Hitler zilimtia majaribuni: aliwasaidia waliodhulumiwa na kumuunga mkono Carl Goerdeler, mpinzani wa dola, ilhali viwanda vyake viliunda zana za vita na kutumikisha watu kwa nguvu. Mizani ya haki huyapima yote mawili.

Alifariki tarehe 12 Machi 1942, akiwa na miaka 80. Nasi tuliobakia twajifunza kwake kuwa fundi hodari huanza kwa kuuliza kazi ni ipi, ndipo achague chombo.