Michael Faraday na Chembe za Dhahabu

Mara nyingi sisi walimu humtaja Michael Faraday tufikapo kwenye somo la umeme. Tukaandika jina lake ubaoni, tukaandika na kanuni yake, kisha tukaendelea. Yafaa tumtazame pia kama mwanafunzi na kama mwalimu mwenzetu.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, huko Newington, ambayo sasa ni sehemu ya London. Baba yake alikuwa mhunzi maskini, na shule aliipata kidogo tu. Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliwekwa kwa muuza vitabu ili ajifunze kazi ya kujalidi, naye akawa anavisoma vitabu alivyovijalidi. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy, akaiandika kwa makini, akaijalidi na kumpelekea Davy mwenyewe. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Royal Institution.

Ugunduzi wake wa mwaka 1831, kwamba sumaku inayosogea huzalisha umeme katika waya, twaufundisha kila mwaka. Kazi zake nyingine mbili hatuzitaji. Mwaka 1834 alionyesha kuwa bamba la platinamu, likisafishwa barabara, huziunganisha hidrojeni na oksijeni zikawa maji bila kuwashwa moto. Leo platinamu iliyofanywa chembe ndogo mno ni kichocheo katika seli za hidrojeni, ambazo hutoa umeme na maji pasipo moshi.

Kazi ya pili ni ya mwaka 1857. Faraday alikuwa na miaka 65, na kumbukumbu yake ilikuwa imedhoofika; alitegemea sana daftari lake la maabara. Kwa kutumia fosforasi aliigeuza chumvi ya dhahabu, akapata kiowevu chekundu kama yakuti. Alipopitisha mwali wa mwanga, njia yake ilionekana ndani ya kiowevu. Alipotia chumvi ya kawaida, wekundu uligeuka buluu. Akafikia rai kwamba humo mna chembe za dhahabu ndogo kupita uwezo wa hadubini yake. Miongo mingi ilipita kabla hadubini za elektroni hazijazionyesha chembe kama hizo.

Njia yake, hata hivyo, ilihitaji fosforasi, nayo ni sumu. Siku hizi watafiti hutumia maji yaliyochemshiwa majani ya mimea, kama vile chai: kemikali za majani huigeuza chumvi kuwa metali, tena huzizuia chembe zisigandamane. Tusiwadanganye wanafunzi kwamba tatizo limekwisha, kwani majani hayapunguzi uhaba wa platinamu yenyewe. Lakini sumu moja imeondolewa mezani.

Kati ya 1827 na 1860 Faraday alitoa mihadhara ya Krismasi kwa vijana mara 19, na mada yake mashuhuri ilikuwa mshumaa. Alianza na kitu ambacho kila mtoto alikijua, akakiwasha mbele yao, kisha akaanza kuuliza. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1867. Baadhi ya chupa zake za dhahabu zingali zimehifadhiwa Royal Institution.

Basi, tunapokosa vifaa, tusiikimbilie chaki mara moja. Hatuna budi kutazama kwanza kilichopo jikoni na shambani, tukamwachia mwanafunzi aone, aandike na aulize.