Orson Welles na Kamera Iliyotazama Kutoka Chini

Aghalabu wanafunzi wa sinema hufunzwa kwamba kamera inayomtazama mhusika kutoka chini humtukuza: umbo lake hurefuka, naye mtazamaji hujiona mdogo mbele yake. Orson Welles aliijua kanuni hiyo, akaipindua.

Welles alizaliwa tarehe 6 Mei 1915 mjini Kenosha, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani. Kufikia umri wa miaka 15 alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili. Mwaka 1931 alianza uigizaji jijini Dublin. Mwaka 1937, jijini New York, alielekeza Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo baadaye Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, akawavika wahusika mavazi ya kifashisti.

Filamu yake mashuhuri, Citizen Kane, ilitoka mwaka 1941. Welles aliielekeza, akawa mwigizaji mkuu na kushiriki kuandika mswada. Wakati huo vyumba vingi vya kuigizia havikuwa na dari, kwa kuwa taa zilitundikwa juu. Kamera ikitazama juu, siri ingefichuka. Welles na mpigapicha wake, Gregg Toland, walitandaza kitambaa kikawa dari, na pale ilipobidi sakafu ikatobolewa ili kamera iteremshwe.

Mbinu hii inadhihirika hasa Kane anapokuwa ameshindwa katika uchaguzi wa ugavana. Rafiki yake Leland, akiwa amelewa, anamshutumu. Kamera iko miguuni pao. Kane anaonekana mkubwa kama mlima, ilhali ameshaanguka. Dari nayo yaelekea kumkandamiza. Hapa kimo kimegeuka kejeli.

Maisha ya Welles hayakuwa mteremko. Mwaka 1942 studio iliikata filamu yake ya pili, The Magnificent Ambersons, bila idhini yake. Katika Touch of Evil (1958) alirejelea mbinu ileile, yeye mwenyewe akiigiza afisa wa polisi aliyeoza kwa ufisadi. Alifariki tarehe 10 Oktoba 1985, na majivu yake yakazikwa Ronda, Uhispania.

Kwa sisi tunaohakiki fani na maudhui, funzo ni bayana. Mbinu haina maana moja ya kudumu, iwe ni takriri katika shairi au kamera iliyo sakafuni. Anayeitaja bila kuchunguza hali ya mhusika ameorodhesha tu, hajahakiki.