Robert Koch

Robert Koch (jina kamili: Heinrich Hermann Robert Koch, Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtafiti wa bakteria kutoka Ujerumani. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa utafiti wake wa kifua kikuu. Katika Afrika alichunguza pia vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe.

Maisha

Alisoma tiba huko Göttingen akahitimu mwaka 1866. Alipokuwa daktari wa wilaya alichunguza kimeta (1876). Baadaye alitambua bakteria ya kifua kikuu (1882), kisha akachunguza kipindupindu nchini Misri na Uhindi (1883–1884).

Utafiti barani Afrika

Mnamo 1897–1898 alifanya kazi Dar es Salaam, wakati huo makao makuu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Katika damu ya ng'ombe aliona vimelea vidogo sana, akadhani ni hatua changa ya vimelea vya ugonjwa wa mkojo mwekundu. Kumbe vilikuwa vya ugonjwa mwingine.

Ugonjwa huo ulipoua ng'ombe wengi huko Rhodesia, aliitwa Bulawayo mwaka 1903. Huko alikiri kwamba ni ugonjwa wa pekee, ambao leo huitwa ndigana kali. Alijaribu kuwakinga ng'ombe kwa kuwadunga damu ya wale waliopona, lakini njia hiyo haikufaulu. Kimelea chake, Theileria parva, kilielezwa na Arnold Theiler mwaka 1904.

Mwaka 1905 Koch alirudi Afrika ya Mashariki akachunguza homa ya papasi. Mnamo 1906–1907 alitibu wagonjwa wa malale katika Visiwa vya Sese, Uganda, kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Wengi walipata nafuu kwa muda, lakini baadhi yao walipofuka.

Dawa za baadaye

Mwaka 1909 rangi iitwayo tripani buluu ilionekana kutibu babesia, vimelea vya kundi la mkojo mwekundu. Haikuponya ndigana kali. Dawa zinazotibu ndigana kali, parvakwoni na buparvakwoni, zilianza kutumika katika miaka ya 1980.

Kwa wafugaji wa Tanzania, kuanzia pwani hadi uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa wanakolima kwa maksai, tofauti iliyomchanganya Koch bado ni muhimu: diminazini hutibu mkojo mwekundu, lakini ng'ombe mwenye ndigana kali akipewa dawa hiyo peke yake anaweza kufa.