Rashidi Kawawa: Nyota wa sinema aliyekuja kuwa Waziri Mkuu

WAKAZI wa Miyuji, kaskazini mwa katikati ya Jiji la Dodoma, wanaishi katika mji uliobadilishwa na uamuzi wa mwaka 1973, pale TANU ilipoamua kwamba makao makuu ya nchi yahamishwe kutoka Dar es Salaam. Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa. Wengi wanamkumbuka kwa siasa na kwa jina la Simba wa Vita. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya yote hayo alikuwa nyota wa sinema.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Matimira, Songea. Alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, na hatimaye katika Shule ya Serikali ya Tabora, iliyotoa viongozi wengi wa Tanganyika huru. Alipomaliza aliajiriwa serikalini, akaingia katika kazi za ustawi wa jamii.

Ilikuwa ni katika utumishi huo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ndipo alipokutana na kamera. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikifanya majaribio ya kutengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya watazamaji Waafrika, ikishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini. Waigizaji walitafutwa miongoni mwa wenyeji, na kijana huyo wa Songea akapewa nafasi ya mbele.

Filamu iliyompa sifa zaidi ni Muhogo Mchungu. Humo aliigiza kijana wa shamba anayeingia mjini bila kuujua, akakumbana na hila na misukosuko yake. Kisa chenyewe kilikuwa chepesi na cha kuchekesha, lakini kiligusa jambo lililowahusu watu wengi, kwani vijana walikuwa wakimiminika Dar es Salaam kutafuta kazi. Alionekana pia katika Chalo Amerudi.

Filamu hizo hazikugusa madai ya uhuru. Watawala walizikusudia kuburudisha na kuasa. Hata hivyo, zilikuwa na jambo moja lililokuwa jipya: mhusika mkuu alikuwa Mwafrika, na alizungumza Kiswahili.

Umaarufu huo haukumshikilia. Mwaka 1953 alitumwa kuwahudumia Wakikuyu waliokuwa wamewekwa kizuizini nchini Tanganyika wakati wa vita vya Mau Mau. Wakati huo huo alikuwa akipanda katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali, ambacho baadaye alikiongoza. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU. Kawawa akaamua kuacha ajira yake. Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi lilipoundwa mwaka 1955, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1957 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961. Wiki sita tu baadaye, Januari 22, 1962, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akakijenge upya chama, na nafasi hiyo akaachiwa Kawawa. Aliyekuwa akiigiza mshamba mjini miaka michache tu nyuma sasa aliongoza serikali ya nchi changa akiwa na umri wa miaka 35.

Miezi hiyo ilikuwa mizito. Serikali yake iliharakisha kuwaweka Waafrika katika nafasi zilizokuwa zimeshikwa na wageni. Lakini pia, mtu aliyepanda kwa nguvu ya vyama vya wafanyakazi alisimamia sheria ya mwaka 1962 iliyoufanya mgomo halali uwe mgumu mno kuitishwa. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Wenzake wa zamani katika shirikisho hawakulipokea hilo kwa furaha, na hadi leo wanahistoria wanaitaja sehemu hiyo ya maisha yake kwa maswali.

Desemba 1962 nchi ilipokuwa Jamhuri, Nyerere alirudi akiwa Rais na Kawawa akawa Makamu wake. Hakuonyesha kinyongo. Baada ya Muungano wa 1964 alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, chini ya Sheikh Abeid Amani Karume aliyekuwa wa Kwanza.

Januari 1967, akiwa katika wadhifa huo, alitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali kila inapowezekana. Lugha aliyoisema mbele ya kamera sasa iliingia katika majalada ya ofisi.

Alirudi kuwa Waziri Mkuu Februari 1972, na ndipo jina lake lilipofungamana na Dodoma. Mwaka 1973 iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ambayo wenye viwanja wa Miyuji na mitaa mingine waliishi nayo hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Miaka hiyo pia ilikuwa ya operesheni za vijiji, zilizokuwa zimeanza mkoani Dodoma mwaka 1971. Mamilioni ya Watanzania walihamishwa. Baadhi walipata shule, zahanati na maji karibu. Wengine waliacha nyumba, mashamba na malisho kwa kulazimishwa. Serikali iliyosimamia hayo ndiyo aliyokuwa akiiongoza yeye.

Februari 1977 nafasi yake ilichukuliwa na Edward Sokoine. Kawawa akawa Waziri wa Ulinzi, wadhifa aliokuwa nao wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kuanzia 1982 hadi 1990 alikuwa Katibu Mkuu wa CCM, chama chenye makao makuu Dodoma. Mkewe, Sofia Kawawa, aliyeongoza Umoja wa Wanawake, alifariki dunia mwaka 1994.

Kawawa alifariki Desemba 31, 2009 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akazikwa Madale, Dar es Salaam. Hakuiona serikali ikihamia Dodoma kwa kasi kuanzia 2016, wala Dodoma ikitangazwa kuwa jiji mwaka 2018.

Katika filamu aliigiza kijana aliyeduwazwa na mji. Katika uongozi alisaidia kuamua watu waishi wapi, vijijini na mjini. Miyuji ya leo, yenye nyumba zinazozidi kuongezeka kila mwaka, ni sehemu ya urithi huo.